UZI: Chemchemi za vilima vya Buhigwe na Kigoma Vijijini zinakauka kila Septemba. Tujadili mti gani upandwe, wapi, na nani atautunza

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, naomba mnivumilie niandike kwa kirefu. Mimi ni mkulima wa kahawa, maharage na tangawizi katika vilima vilivyo kati ya Kalinzi na Manyovu, na kwa miaka kadhaa sasa ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu. Kijiji sitakitaja, kwa kuwa nitaeleza na makosa yetu, na majirani zangu hawakunituma kuwasema mtandaoni.

Anayepita kwetu mwezi Machi hawezi kuamini kwamba tuna shida ya maji. Kila bonde linatiririka, migomba imekolea kijani, na ukungu haubanduki mlimani hadi saa tatu asubuhi. Mtu huyo huyo arudi mwishoni mwa Septemba. Atakuta ndoo zimepangwa foleni chemchemini tangu usiku, na saa kumi alfajiri atamwona mama aliyefikiwa na zamu yake ameinama na kata mkononi: anachota, anangoja kishimo kijae, anachota tena polepole asije akatibua tope likawaharibia waliobaki nyuma. Mtoto aliyemsindikiza atachelewa shule siku hiyo, kama alivyochelewa jana.

Kinachoniuma ni kwamba mvua tunaipata. Mkoa wetu una msimu mmoja mrefu, unaoanza Oktoba au Novemba na kumalizika Mei. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo hekta moja ya shamba ikipata milimita 1,000 kwa msimu, imepokea lita milioni 10. Hekta moja tu! Kilima kizima kilicho juu ya chemchemi yetu hupokea maji ambayo kijiji hakiwezi kuyamaliza, kisha ifikapo Septemba tunagombania kata.

Wazee wetu walikikuta kilima hicho kina msitu. Mvua iliangukia majani kwanza, ikadondokea kwenye takataka za majani yaliyooza, ikapenya kwenye matundu ya mizizi, ya minyoo na ya mchwa, ikazama. Maji yaliyozama hutembea taratibu sana ndani ya udongo na nyufa za mwamba, na hutokeza chini baada ya wiki au miezi. Maji tunayochota Septemba ni mvua ya Januari na Februari iliyowekwa akiba. Leo matone yanapiga udongo mtupu uliotoka kuvunwa maharage, uso wa udongo unaziba na kuwa mgumu kama sakafu iliyopigwa maji, na mvua iliyobaki inateremka kwa kasi ikiwa nyekundu, inabeba rutuba yetu hadi mto Luiche na kuimwaga Ziwa Tanganyika. Aliyewahi kusimama Ujiji baada ya mvua kubwa ameiona rangi hiyo.

Hali hii haikuja kwa siku moja. Operesheni Kigoma ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu vijijini kutoka makazi yao yaliyotawanyika, na kuni, nguzo na mashamba ya vijiji hivyo vipya vikaanza kutafutwa mahali pamoja. Watu wameongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani Kigoma, na ile ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Ardhi ya bondeni ilipokwisha, jembe lilipanda mlimani. Simlaumu aliyepanda nalo, maana hata mimi nimelima huko.

Kuna mahali tunapoweza kujifunza bila kwenda mbali. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vilivyoizunguka hifadhi hiyo vilikuwa vitupu kabisa. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, ambao ulianza na vitalu vya miti, kisha ukagundua kwamba wanakijiji walikuwa na mahitaji yaliyotangulia miti, yakiwamo maji salama na afya. Baadaye vijiji vilipanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga misitu ya hifadhi ya kijiji, na sehemu kubwa ya msitu uliorudi huko haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyoachwa ipumzike. Goodall alifariki Oktoba 2025, lakini vilima hivyo vipo, na yeyote anaweza kupanda boti hadi Mwamgongo akajionea.

Naomba tujadili. Kwenu mmefanya nini, na nini kimeshindikana?

#2 Mchangiaji, Kasulu

Asante kwa uzi huu, ndugu katibu. Nina wasiwasi mmoja. Agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka tunalisikia miaka nenda rudi. Kama miti hiyo yote ingekuwa hai, Kasulu ingekuwa haionekani kutoka Heru Juu kwa wingi wa majani. Mimi mwenyewe nimepanda shuleni, nimepanda kanisani, nimepanda kwenye sherehe, na nikipita leo naona majani makavu na vijiti. Je, tatizo ni miti yenyewe au ni sisi? Halafu kuhusu mikaratusi: baba yangu anayo ekari nzima kando ya kijito, inamlipia karo za wajukuu. Nimwambie aikate?

#3 Mleta uzi

Ndugu wa Kasulu, nianze na kushindwa kwetu, kwa sababu ndiko kulikotufundisha.

Mwaka 2017 mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, alituletea lori la miche ya misindano na mikaratusi. Lilifika katikati ya Aprili. Tuliimba, tulipiga picha, tukapanda kilima kizima kwa siku moja. Kila aliyekuwapo alifanya kazi kwa moyo, na hata leo siwezi kusema kwamba watu walikuwa wavivu. Lakini mvua ilibakiza wiki chache tu. Miche ilikuwa haijakomazwa, imetoka kwenye kivuli cha kitalu na kumwagiliwa kila siku, ikatupwa juani. Wengi wetu tuliichomeka ardhini na viriba vyake, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba mzizi hauwezi kutoka ndani ya nailoni. Juni mbuzi walifunguliwa baada ya mavuno, kama ilivyo desturi. Agosti moto ulitoka upande wa pili wa kilima, ambako mtu alikuwa anasafisha shamba lake, ukapita juu ya kila kitu. Mwaka uliofuata nilitembea mstari wa juu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuona mche ulio hai. Nilichokiona ni viriba vyeusi vimetokeza kwenye udongo, kila kimoja na kijiti chake kikavu ndani.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mti haufi siku ya kupandwa. Unakufa Agosti ya kwanza, na ukiivuka hiyo unaweza kufa Agosti ya pili. Hesabu ya miche iliyopandwa haituambii lolote mpaka tuhesabu iliyo hai baada ya viangazi viwili.

Sasa tunafanya tofauti. Mashimo tunachimba Septemba, upana na kina sentimita 45, udongo mweusi wa juu tunauweka upande mmoja na ule mwekundu wa chini upande wa pili. Udongo mweusi uliochanganywa na samadi ndio unaorudi kwanza, uikute mizizi. Hatupandi mvua ya kwanza inaponyesha, maana hiyo hudanganya. Tunangoja hadi ardhi ilowe kwa kina cha mkono, ambayo kwetu huwa mwishoni mwa Novemba au Desemba. Upande wa chini wa kila shimo tunajenga kingo ya nusu duara inayokamata maji ya mteremko. Ikifika Mei tunapalilia duara la mita moja kuzunguka mche, tunaweka matandazo ya majani makavu bila kuyagusisha na shina ili mchwa wasilifuate, na kabla ya Julai tunafyeka njia ya kuzuia moto. Kila kaya ina miche 30 na si zaidi, na kila mche una mwenyewe anayejulikana.

Kuhusu mzee wako. Mkaratusi ni mti wenye manufaa na hela yake ni ya halali, nisieleweke vibaya. Ila unakua haraka, na mti unaokua haraka unanyonya maji mengi kupitia mizizi na kuyatoa kwa majani hata kiangazi. Mwaka 2009 nchini Kenya, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na vyanzo vya maji kwa sababu hiyo. Afrika Kusini walianza mwaka 1995 mpango wa kitaifa wa kung'oa miti ya kigeni kwenye vyanzo vyao. Mshauri mzee asiikate yote kwa mara moja. Kila anapovuna nguzo kandokando ya kijito asiruhusu visiki vichipue tena, aweke mahali pake mikuyu au migomba, na mikaratusi mipya aipeleke mpakani mwa shamba, mbali na maji. Karo za wajukuu zitaendelea.

#4 Mchangiaji, Buhigwe

Nashukuru kaka katibu umeeleza vizuri, lakini naona umeruka jambo ambalo sisi akina mama tunaliona kila siku. Juu ya chemchemi hakuna pori la mtu asiyejulikana. Kuna mashamba, na mashamba yana wenyewe, na mara nyingi walio juu kabisa kwenye miteremko mibaya ni wale wasio na sauti: wajane, vijana waliogawiwa kipande cha mwisho, wageni waliohamia. Kijijini kwetu kamati ilikuja na kamba na vigingi, ikamwambia mama mmoja kwamba kuanzia leo shamba lako ni chanzo cha maji. Hakupewa chochote. Usiku miche yote iling'olewa. Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa sababu kila mtu alijua, na kila mtu aliona haya. Nyinyi mlifanyaje?

#5 Mleta uzi

Dada yangu, umegusa penyewe. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo chemchemi zinapofia.

Na sisi tulikuwa na mama wa namna hiyo. Mumewe alifariki akamwachia watoto na ekari mbili za maharage zilizo juu kabisa ya jicho la maji, zimeinama kiasi kwamba ukiangusha jembe inakubidi ulifuate chini. Kila msimu udongo wake ulikuja kuziba banio, mahali maji yanapokingwa kuingia bombani, la mradi wetu wa mserereko (maji yanateremka yenyewe bila pampu), na kila msimu kamati ilimwandikia onyo. Mimi ndiye niliyeziandika barua hizo.

Tuliitisha mkutano mara tatu. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili alikuja, akanyamaza hadi mwisho. Mara ya tatu alisimama akasema maneno machache ambayo bado ninayo: kwamba sisi tunakunywa maji yanayotoka chini ya shamba lake, naye anateka maji hayo hayo na kuyapandisha kichwani hadi kwake, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepanda hadi kwake ila kumletea karatasi. Mkutano ulikaa kimya. Kisha mzee mmoja akauliza swali lililobadilisha kila kitu: "Basi tumlipe nini?"

Kamati hatukuwa na fedha, lakini kijiji kina mikono. Tulikubaliana, na ikaandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, kwamba shamba linabaki lake na la watoto wake, wala halitageuzwa hifadhi. Kila kaya inayochota kwenye vilula (vituo vya kuchotea maji) vya mradi itatoa siku mbili za kazi kila mwaka kwenye mashamba yaliyo juu ya chemchemi, kuanzia na la kwake. Tulipima kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja, kwa fremu ya A, ile ya miti mitatu, uzi na jiwe, ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuitumia akifundishwa asubuhi moja. Tukachimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, na kadiri miaka inavyopita mvua inasawazisha nafasi kati ya tuta na tuta mpaka mteremko unakuwa ngazi. Juu ya kila tuta tukapanda majani ya tembo. Yanashika udongo, na yeye anayakata kulisha mbuzi wake zizini, kwa hiyo hata tatizo la mbuzi tuliloteseka nalo mwaka 2017 likaanza kupungua palepale. Kati ya matuta ana kahawa na migomba, miringaringa michache ya kivuli, na maharage yake yapo bado. Sehemu ndogo ya juu kabisa, yenye mawe, aliitoa mwenyewe ipumzike.

Matuta yalimla sehemu ya shamba, hilo siwezi kulificha, na mavuno ya msimu wa kwanza yalipungua. Kamati ilimfidia kwa mbegu na kwa siku za palizi. Msimu wa tatu alikuwa anavuna maharage mengi kuliko zamani kwenye eneo dogo zaidi, kwa sababu udongo ulikuwa umeacha kuhama.

Nimeona miradi mingi ikianza na miche. Naomba wanaosoma waanze na swali la yule mzee. Maji yanazalishwa kwenye shamba la mtu. Mkulima wa juu akiambiwa aache kulima kwa faida ya walio chini bila wa chini kutoa chochote, huo ni unyang'anyi, hata ukiitwa uhifadhi, naye ana haki ya kukataa.

#6 Mchangiaji, Kibondo (bwana misitu mstaafu)

Nimefuatilia kwa makini, vijana wangu, na nina mambo mawili au matatu ya kuongeza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Watendaji wengi wamekariri namba hiyo, wakifika chemchemini wanapima mita 60, wanapiga vigingi, wanaondoka. Ni jambo jema, kwa kuwa uchafu wa mifugo na dawa za shambani unakaa mbali. Lakini mita 60 zinalinda jicho la chemchemi tu. Tumbo lake liko mlimani, pengine nusu kilomita juu, na huko ndiko maji yanakozama. Katibu na wenzake walifanya vema kupanda huko juu kwa makubaliano. Nawashauri makubaliano hayo yasiishie kwenye muhtasari. Yageuzwe sheria ndogo ya kijiji na kupitishwa na halmashauri ya wilaya, kwani mwenyekiti akibadilika muhtasari husahauliwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ofisi zake zipo Kigoma mjini, na jumuiya za watumia maji zikiundwa rasmi zina pa kusimamia.

La pili, msipande pale ambapo visiki vipo. Miti ya miombo, kama mtundu na mninga, ina mizizi hai chini hata baada ya kukatwa na kulimiwa juu yake kwa miaka. Utaona vichipukizi kila masika, mkulima anavifyeka akidhani ni magugu. Chagua viwili au vitatu vilivyonyooka kwenye kila kisiki, pogoa vilivyobaki, funga kitambaa cha rangi ili mpaliliaji avione, kisha vilinde na moto na mifugo. Dodoma wanaiita kisiki hai. Mti huo una mzizi wa miaka mingi, haujui kiangazi cha kwanza ni nini, na haugharimu kiriba hata kimoja.

La tatu ni tahadhari. Msidhani miti ikizidi ndivyo maji yanavyozidi. Utafiti uliofanyika Saponé, nchini Burkina Faso, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba katika nchi zenye kiangazi kirefu maji yanayozama chini huwa mengi zaidi pale miti inapokuwa ya wastani. Ikiwa michache mno, udongo unaziba na maji yanapotea juu juu. Ikisongamana mno, miti yenyewe inayanywa kabla hayajafika chini. Kilimo mseto cha yule mama, chenye miti iliyotawanyika kati ya matuta, kinaweza kuisaidia chemchemi kuliko shamba la miti lililobanana.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu. Nashukuru sana, hasa kwa hilo la sheria ndogo, maana uchaguzi wa vijiji wa 2024 ulitubadilishia viongozi na tulilazimika kuanza kueleza upya. Kisiki hai tumekianza kwenye ile sehemu ya mawe. Vitambaa tumechana kanga kuukuu.

#8 Mchangiaji, Tabora

Salaam kutoka Unyamwezini. Kwetu hakuna milima kama yenu, lakini hadithi ni hiyo hiyo: miombo imekatwa kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku na kwa mkaa, na mabwawa yanajaa mchanga. Majirani zetu wa Shinyanga waliwahi kupita njia hii. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na mafanikio yake makubwa yalitoka kwenye ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike masika ili mifugo ile kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto kwa namna hiyo. Naafikiana na mzee wa Kibondo kwamba mlinzi ana thamani kuliko mche.

Swali langu kwa katibu: mnajuaje kwamba chemchemi imeongezeka kweli? Watu wakitaka kufurahi, macho yao huona maji zaidi.

#9 Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu, na ni swali ambalo kila kijiji kingelipaswa kujiuliza kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Tunapima kwa ndoo ya lita 20 na simu. Tumeweka bomba fupi kwenye jicho la maji, yote yapite hapo, na tunahesabu sekunde hadi ndoo ijae, mara tatu, tunachukua wastani. Tunafanya hivyo kila mwezi, na kipimo tunachokijali zaidi ni cha wiki ya mwisho ya Septemba. Hesabu yake ni nyepesi. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, chemchemi inatoa lita 28,800 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, kwa hiyo maji hayo yanatosha watu 1,152. Ndoo ikichukua dakika nne, ni lita 7,200, na wanaotoshelezwa ni 288. Ukiwaeleza watu mkutanoni kwa namna hiyo, wanaelewa kwa nini foleni inaanza saa kumi alfajiri.

Septemba 2020, kabla ya matuta kukamilika, ndoo yetu ilijaa kwa dakika nne na sekunde kadhaa. Septemba 2024 ilijaa kwa dakika mbili, na watu walishangilia. Mimi sikuiandika kama ushindi, kwa sababu msimu wa 2023/2024 ulikuwa na mvua za El Niño na kila chemchemi ya ukanda huu ilikuwa na nguvu. Nilingoja. Septemba 2025, baada ya msimu wa kawaida, ilijaa kwa dakika mbili na nusu na kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuamini. Chemchemi ya bonde la jirani, ambayo juu yake hakujafanyika kitu na tunaipima pia kwa kulinganisha, imerudi ilipokuwa. Naamini matuta yamechangia kuliko miti hadi sasa, maana miti bado ni midogo. Sehemu yake itaonekana mbele.

Badiliko lililonigusa zaidi halikuwa la ndoo. Masika haya nilisimama kwenye banio wakati mvua inanyesha kwa nguvu, nikasubiri tope nililozoea kulisafisha kwa koleo kila Machi. Maji yaliyokuja yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Nilikinga kiganja, nikaona mistari ya mkono wangu chini yake.

#10 Mchangiaji, Buhigwe

Kaka, nimemsomea mwenyekiti wetu habari ya yule mama hadi mwisho. Amesema ataitisha mkutano, na safari hii wenye mashamba ya juu wataongea kwanza. Tunataka pia kuanza na mikuyu karibu na jicho la maji, kwa sababu bibi zetu walisema palipo mkuyu hapakosi maji. Mbegu zake tumezipanda mara mbili hazikuota. Tunakosea wapi?

#11 Mleta uzi

Nimefurahi mno kusikia hivyo, dada.

Mbegu za mkuyu ni ndogo kama vumbi na zinasumbua kitaluni, kwa hiyo sisi tuliziacha. Tunatumia matawi. Oktoba, mvua inapokaribia, chagua tawi lililokomaa lenye unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono, urefu kama mita moja na nusu, kutoka mti wenye afya. Likate kwa panga kali kwa mkato wa mshazari upande wa chini, liweke kivulini mpaka utomvu mweupe ukauke, halafu lichimbie nusu mita ardhini na kushindilia udongo vizuri kwa mguu. Weka miiba kuzunguka, maana mbuzi wanayapenda machipukizi yake kupita kiasi. Msiyabananishe, hatua kumi kutoka moja hadi jingine zinatosha, na yasikae juu ya bomba, kwa sababu mizizi italipasua.

Na kabla ya kukata, chora alama ya mkaa kwenye ncha ya juu ya kila tawi. Yakishalala chini kwa rundo yanafanana, na sisi mwaka wa kwanza tuliyachimbia mengi kichwa chini.